Kadi ya Kazadi: bei ya sura ya mchezaji wa zamani inatoka wapi?



Wengi wenu mlisikia makelele katika internati, ile siku ya Jumamosi kisha chakula cha jioni. Wengine walisema ni mambo ya wizi, wengine walisema ni mambo ya sabuni. Kweli yalikuwa mambo ya kadi, kadi moja ndogo yenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Na mimi, doyen wenu, niko na deni katika habari ile, kwa sababu mara ya kwanza niliikata vibaya. Direkta wa nidhamu aliniita, akaniambia: «Ninyi mnagombania bei, na hakuna hata mmoja kati yenu anayejua bei inatoka wapi. Nenda utafute, kisha uandike katika gazeti, wote wasome.» Basi nilitafuta. Nilimwuliza mwalimu wetu wa historia, nilimwuliza mjomba wangu wa Lubumbashi aliye na intaneti, na nilikaa na wazee wawili hapa Katoto. Mambo niliyopata ndiyo haya.

Kwanza habari yenyewe, ili tusisemane nyuma. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja na kadi yenye sura ya golikipa Kazadi. Chini ya uso wameandika jina lake, na pembeni ZAÏRE. Kambo yake alikuwa mfanyakazi wa reli pale Kamina, na mwaka 1974 mzungu mmoja wa reli alimpatia ile kadi, kwa sababu watoto wake walikuwa na mbili zinazofanana. Kambo akaibandika kwa gundi ndani ya kifuniko cha sanduku lake la bati. Ikakaa mle karibu miaka 50. Kambo alipokufa, wakati wa baridi, mwezi wa 7, wakubwa wa jamaa waligawanya vitu vyake: mmoja kinga, mmoja redio, mmoja sanduku. Mtoto hakupewa kitu. Mbele sanduku halijapelekwa, alichukua kisu, akabandua ile kadi polepole. Ile ndiyo urithi wake.

Mkubwa mmoja wa mwaka wa mwisho akaiona, akaitaka. Akampa mtoto sabuni tatu na pakiti mbili za biskuti. Mtoto akakubali, maana sabuni yake ilikuwa imekwisha. Kisha siku chache, mkubwa alipeleka kadi mjini, na mtu wa duka la telefone karibu na gare akamwambia ya kuwa vitu vya namna hii Wazungu wananunua kwa dolari mia mbili. Mnajua namna habari inavyotembea kwetu. Ilifika internati mbele ya mkubwa mwenyewe. Mtoto akakuja kwangu machozi yakimtoka:

«Yaya doyen, yaya alinidanganya. Ile foto ni ya kambo. Anirudishie, nitamulipa sabuni yake.»

Mimi nilikuwa na kazi ya hesabu mbele yangu. Nilimjibu: «Uliuza, ulikula biskuti, mambo imeisha.» Nilisema vile bila kuinua macho. Ukweli mwingine ni huu: mkubwa yule ni rafiki yangu, tunaketi banki moja, na nilijua hana feza ya kujiandikisha kwa Examen d'État. Alikuwa amekwisha kuhesabu zile dolari mia mbili, usiku na usiku. Hivi hakukuwa mwizi kati yao. Kulikuwa mtoto aliyefiwa na kambo yake, na kijana aliyeogopa kupoteza mwaka.

Sasa tuingie katika fundisho.

Watu wa kwanza kufanya kadi za wachezaji biashara kubwa ni Wamarekani, na mchezo wao ni besiboli. Katika mchezo huu mtu mmoja anatupa mpira mdogo mgumu, na mwenzake anaupiga kwa fimbo nene, kisha anakimbia. Tangu miaka ya 1880 kampuni za tumbaku za kule zilitia kadi ngumu ndani ya pakiti ya sigara. Kazi ya kadi ilikuwa kufanya pakiti isikunjike, na tena kuwavuta wanunuzi, maana mtu akipata sura moja anataka na ingine. Kisha kampuni za kutafuna (mnajua, shingamu) zikafuata desturi ile juu ya watoto. Kadi yenyewe haikuwa na bei. Ilitupwa pamoja na pakiti, ao watoto waliifunga kwa baiskeli ili ilie trrr katika magurudumu.

Leo kadi moja ya zamani inaweza kuuzwa kupita nyumba. Mwezi wa 8 mwaka 2022, kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa New York Yankees, iliyochapwa na kampuni Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa mnada dolari milioni 12 na laki 6. Mantle aliacha kucheza mwaka 1968 na alikufa mwaka 1995. Hawezi tena kupiga mpira hata mmoja. Karatasi ni ileile ya 1952. Kwa nini basi bei ilipanda?

Mtu wa kwanza niliyemwuliza alinijibu haraka: «Kwa sababu alikuwa mchezaji mzuri.» Jibu hili ni nusu. Wachezaji wazuri ni wengi. Tena kadi ya 1952 siyo kadi yake ya kwanza. Ya kwanza ilichapwa na kampuni ingine, Bowman, mwaka 1951, na ile inauzwa bei ya chini kupita ya pili. Kwa hiyo uzuri wa mtu hautoshi, na uzee wa kadi pia hautoshi.

Sikieni namna ilivyokuwa. Topps walichapa kadi za 1952 kwa mafungu. Fungu la mwisho, ambalo ndani yake kulikuwa Mantle, nambari 311, lilifika madukani wakati msimu wa besiboli ulikuwa unaisha na watoto walikuwa wamegeukia mpira mwingine. Halikununuliwa. Kadi zikabaki katika depo miaka na miaka, zikakula nafasi bure. Mwaka 1960, Sy Berger, yule aliyesaidia kuzitengeneza, alizipakiza katika chombo cha majini na kuzimwaga katika bahari ya Atlantiki. Alieleza jambo hili mwenyewe. Siku ile hakuna mtu aliyelia. Aliona anatupa takataka. Kumbe kila kadi iliyozama ilikuwa inaongeza bei ya ile iliyobaki katika sanduku la mtu fulani.

Hapa ndipo nilielewa jambo la kwanza: uchache. Lakini angalieni vizuri, uchache si hesabu ya zilizochapwa. Ni hesabu ya zilizobaki. Mfano mkubwa ni Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh, aliyeacha mchezo mwaka 1917. Kadi yake ya sigara ya miaka 1909 hadi 1911 ilisimamishwa upesi wakati wenzake waliendelea kuchapwa. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa sababu yake, wengine husema hakulipwa. Zinazojulikana leo hazifiki mia moja. Mwaka 2022 moja iliuzwa dolari milioni 7 na robo, na haikuwa hata nzuri, ilikuwa imechakaa.

Na kinyume chake kipo pia. Wakati wa miaka ya 1980 watu wa Marekani walianza kusikia habari za bei hizi. Kila mtu akasema: mama yangu alitupa kadi zangu, mimi sitatupa za mtoto wangu. Kampuni zikachapa bila kipimo, na watu wakaweka kadi safi katika masanduku, wakingoja utajiri. Kadi ya Ken Griffey Junior ya mwaka 1989, ya kampuni Upper Deck, ni ya mchezaji mkubwa kabisa. Aliacha kucheza mwaka 2010, na mwaka 2016 aliingizwa katika Nyumba ya Sifa ya besiboli kwa kura karibu zote. Lakini kadi yake ni nyingi sana hata leo. Wote waliitunza, kwa hiyo haikupotea, na kwa hiyo ile ya kawaida haileti feza nyingi. Mnaona ajabu hii? Kitu kinapata bei kwa sababu watu walikitupa, na kinakosa bei kwa sababu wote walikitunza ili kipate bei. Nilipomsomea rafiki yangu maneno haya, alinyamaza, kisha akauliza: «Za Kazadi zimebaki ngapi?»

Swali zuri. Tutalirudilia. Mbele yake, jambo la hali ya kadi.

Wanunuzi wa kadi hawaangalii uso tu. Wanaangalia pembe nne, kama ziko kali ao zimevimba. Wanaangalia kama sura imekaa katikati. Wanaangalia mikunjo, madoa, na mgongo. Kuna kampuni ambazo kazi yao ni kupima hali hii na kutoa pointi, kama mwalimu anavyosahihisha, toka 1 hadi 10, kisha wanafunga kadi katika plastiki ngumu. Ile ya Mantle ya milioni 12 ilipata 9 na nusu. Ingine ya namna ileile, yenye pointi 9, iliuzwa mwaka 2021 kwa dolari milioni 5 na laki 2. Bila shaka mwaka na nusu ulipita katikati na soko lilipanda, lakini ile nusu ya pointi ilikula sehemu yake.

Kwa sababu hii wadanganyifu hawakosekani. Kadi moja ya Wagner, safi kupita zote, ambayo ilikuwa wakati mmoja mkononi mwa Wayne Gretzky, yule bingwa wa mchezo wa barafu, ilisifiwa miaka mingi. Mwaka 2013 mfanya mnada mmoja, Bill Mastro, alikubali mbele ya sheria ya kuwa yeye alikata kingo zake ili zionekane mpya. Nawaandikia hili kwa kusudi. Siku ile niliposoma habari hii, rafiki yangu alikuwa amekwisha kuomba mkasi kwa wasichana ili asawazishe pembe moja ya kadi ya Kazadi iliyopasuka. Nilikimbia. Nilikuta mkasi juu ya kitanda, kadi pembeni. Bado hajakata.

Lakini kadi chache tena safi ya mtu asiyejulikana ni karatasi tu. Inapasa kuwe watu wanaomkumbuka yule mtu, na watu hawa wawe na feza. Hapa ndipo jambo la mchezaji aliyestaafu ni tofauti na la yule anayecheza bado. Kadi ya kijana anayecheza ni kama mbegu: mtu anainunua akiwaza, labda atakuwa mkubwa. Akivunjika mguu kesho, bei inaanguka. Aliyestaafu, hesabu yake imefungwa. Magoli yake yanajulikana, vikombe vyake vinajulikana. Tena watoto waliompenda wakiwa na miaka 10 wamekuwa sasa wazee wenye kazi na mashahara, na wanatafuta utoto wao. Mantle alipendwa na watoto wa miaka ya 1950. Watoto wale walipofika miaka 40 na 50, ndipo kadi yake ilianza kukimbia.

Wamarekani wana ile Nyumba ya Sifa pale Cooperstown. Inapasa mchezaji angoje miaka mitano kisha kustaafu, ndipo waandishi wanapiga kura. Akiingia, kadi zake zinapanda. Akikataliwa kwa sababu ya aibu, zinashuka ao zinalala. Pete Rose alipiga mpira vizuri mara nyingi kupita wote, lakini alifukuzwa mwaka 1989 kwa kucheza kamari juu ya michezo. Alikufa mwaka 2024 akiwa bado nje. Adhabu ile iliondolewa mwaka 2025, yeye akiwa kaburini. Hivi hata kisha mtu kuacha mchezo, hata kisha kufa, wengine wanaendelea kushindana juu ya jina lake, na bei inafuata jina.

Sasa turudi kwetu.

Mchezo wetu ni mpira wa miguu, na kadi zake ziko pia. Ndugu Panini wa mji wa Modena, Italia, walitoa albamu ya kwanza ya Kombe la Dunia mwaka 1970, na kisha hawakuacha. Watoto wa Ulaya walinunua bahasha ndogo, wakabandika sura katika albamu, wakabadilishana zile zinazofanana. Kadi ya Pelé ya mwaka 1958, iliyochapwa Sweden wakati alikuwa na miaka 17 tu, iliuzwa mwaka 2022 kupita dolari milioni moja. Kwa hiyo mtu wa duka la telefone hakusema uongo wote. Alisikia kengele, lakini hakujua kanisa ni lipi.

Kazadi ni nani? Niliuliza darasani, vijana sita walimjua Kidiaba na ngoma yake ya matako, mmoja tu alimjua Kazadi. Wazee wa Katoto walicheka kwa huruma. Kazadi Mwamba, mbele ya mwaka 1972 aliitwa Robert Kazadi, alikuwa golikipa wa Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe. Englebert walichukua kombe la klabu za Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Mwaka 1968 timu ya taifa ilishinda Kombe la Afrika pale Addis Ababa, Ghana 0, sisi 1, na goli lilitiwa na Kalala, mwana Englebert pia. Mwaka 1974 Léopards walichukua kombe lile mara ya pili, pale Misri. Kazadi alikuwa katika timu zote mbili. Mzee mmoja aliniambia: «Kama Kazadi ameruka, wewe keti, kunywa maji yako.»

Kisha ikaja Kombe la Dunia la mwaka 1974, Ujerumani ya Magharibi. Zaïre ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika pale. Tulifungwa na Scotland 2 kwa 0. Kisha Yugoslavia, 9 kwa 0. Kisha Brazil, 3 kwa 0. Katika ule mchezo wa Yugoslavia, Kazadi alitolewa walipokuwa wamefungwa tatu, dakika ya ishirini na kitu, na Tubilandu akaingia mahali pake. Magoli sita mengine yaliingia Kazadi akiwa ameketi pembeni. Lakini mtu wa Ulaya akisikia «golikipa wa Zaïre», anawaza tisa.

Hapa ndipo nilisimama kabisa na kufikiri. Uso ni mmoja, karatasi ni moja, lakini kuna Kazadi wawili. Kwa mzee wa Lubumbashi ni bingwa wa Afrika. Kwa mwenye albamu kule Ulaya ni mtu wa timu iliyofungwa tisa. Na mwenye dolari za kununua kadi ni nani? Si mzee wa Lubumbashi.

Angalieni pia Mwepu Ilunga, mwenzake wa Mazembe. Katika mchezo wa Brazil, Wabrazil walikuwa wanatayarisha kupiga frikiki. Mwamuzi akapiga filimbi. Mwepu akatoka katika ukuta, akaupiga mpira yeye mwenyewe mbali. Dunia nzima ilicheka, na inacheka hata leo. Wanasema Waafrika wale hawakujua sheria. Mtu aliyekuwa bingwa wa Afrika asijue sheria ya frikiki? Mwepu alieleza baadaye ya kuwa alifanya kusudi. Wachezaji hawakulipwa feza waliyoahidiwa, na kisha yale magoli tisa walitishwa na watu wa raisi, wasithubutu kufungwa mingi na Brazil. Mwepu alikufa mwaka 2015. Picha yake inatafutwa, ndiyo, lakini wengi wanaitafuta kwa kicheko. Hata kicheko kinaweza kuleta bei. Ni bei ambayo mimi, kama ningekuwa mtoto wake, ingeniuma.

Na Ndaye Mulamba! Walimwita Mutumbula, jina ambalo kwetu linatosha kufanya watoto warudi nyumbani mbele ya giza. Mwaka 1974 pale Misri alitia magoli 9 katika Kombe la Afrika moja. Hakuna aliyempita hata leo. Katika mwisho na Zambia walimaliza 2 kwa 2, wakarudia, wakashinda 2 kwa 0, na yale magoli manne yote ni yake. Halafu Ujerumani, katika mchezo ule wa tisa, mwamuzi alimtoa kwa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Mwepu ndiye aliyempiga mwamuzi teke. Mwaka 1994 alipewa heshima pale Tunisia, na aliporudi watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika la Burkina Faso, watu wote walisimama kimya dakika moja kwa ajili ya kifo chake. Lakini Ndaye alikuwa mzima, alikuwa anachunga magari ya watu pale Cape Town. Alikufa kweli mwezi wa kwanza mwaka 2019.

Nilipomsomea mwalimu wa historia sehemu hii, alisema: «Besiboli wana nyumba ya kuandika majina. Sisi tulimzika mtu angali akitembea.» Sina la kuongeza, ila hili tu: kama watu wenyewe hawajui mchezaji wao yuko wapi, ni nani atajua kadi yake iko wapi?

Basi jibu la swali la rafiki yangu. Za Kazadi zimebaki ngapi? Kule Ulaya albamu za 1974 zilichapwa kwa wingi na nyingi zilitunzwa. Mjomba alitafuta katika intaneti siku mbili. Sura za wachezaji wa Zaïre wa mwaka ule zinauzwa dolari chache, bei ya sahani moja ya kuku mjini. Hizo ni safi. Yetu imepasuka pembe moja, na mgongo wake wote umekulwa na gundi na kutu ya sanduku, hata alama ya waliochapa haionekani. Mpimaji angeipa pointi 1, na angeitoa kwa huruma. Dolari mia mbili zilikuwa maneno ya kando ya gare.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wanunuzi wakubwa wanakitafuta sana, nacho hakimo katika karatasi: kujua kitu kilitoka mkono gani hadi mkono gani. Kadi inayojulikana ilikaa kwa nani, ilipatikana wapi na mwaka gani, ina nguvu kupita yatima. Na kadi hii ina habari hiyo: mfanyakazi wa reli, Kamina, 1974, sanduku la bati. Habari hiyo ilikuwa katika kichwa cha mtu mmoja peke yake, mtoto wa miaka 13, na mimi nilikuwa nimemfukuza.

Nilimwita rafiki yangu nyuma ya jiko, tukaketi juu ya kuni. Nikamweleza yote, bei na hali. Alikasirika kwanza, si kwangu, kwa zile hesabu za usiku. Akasema: «Kama ingekuwa mia mbili kweli, ungeniambia niirudishe?» Nilisema ndiyo. Akaniangalia sana. Wasomaji, sijui kama nilisema kweli. Napenda kuamini ya kuwa nilisema kweli. Kwa vyovyote aliirudisha yeye mwenyewe, usiku ule, mbele yangu na mbele ya kapita wa chumba. Mtoto alitaka kurudisha sabuni, lakini mbili zilikuwa zimekwisha kwa kufua, na ya tatu ilibaki kipande kama kidole. Rafiki yangu alikikataa. Mimi nilimwomba mtoto msamaha. Alisema «haina neno, yaya», namna watoto wanavyosema wakitaka mkubwa aondoke.

Juu ya Examen, rafiki yangu anafyatua matofali kila Jumamosi kwa mtu mmoja anayejenga njia ya Kamina. Amefikisha nusu ya feza. Mwenye kuhitaji kijana wa kazi amwone. Nambari ya chumba ni 4.

Wale walio na picha za namna hii nyumbani kwao, iwe ya Léopards, iwe ya Mazembe, iwe foto ya timu ya reli ya Kamina ambayo wazee wetu walichezea, msiibandue kwa kisu, na msiipake gundi mpya. Kama imeshika katika ubao ao bati, iacheni pamoja na ubao wake. Isikae juani, isikae karibu na moshi wa jiko. Msiandike juu yake kwa biki. Chukueni karatasi ingine, mwandike kwa kreyo: ni nani, mwaka gani, ilipatikana kwa nani. Na mwulize mbele mzee hajalala usingizi mrefu, kwa sababu picha nyingi nilizoonyeshwa katika kazi hii zilikuwa na nyuso kumi na moja na majina matatu.

Kadi ya Kazadi iko sasa katika bahasha, ndani ya kaye ya jeografia ya mwenyewe. Pamoja nayo kuna karatasi tuliyoandika sisi watatu, jina la kambo, kazi yake ya reli, na mwaka 1974. Mtoto aliongeza mstari mmoja chini, kwa mkono wake, ya kuwa kambo alikuwa akifungua sanduku kila Jumapili mbele ya kwenda ibada, na kusema na golikipa yule kama mtu anayesalimia jirani.